Mwaka Tuliobadilisha Shawa

Aliyemwosha mavyaa yangu ni mimi. Wifi yangu Tima alishika kichwa, jirani yetu Bi Rukia akapitisha maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, na mama mwosha maiti aliyeitwa na watu wa msikiti akatuongoza, sasa upande wa kulia, sasa wa kushoto, nami nikapitisha mkono chini ya shuka kama marehemu alivyotaka. Alikuwa ameusia. Siku alizokuwa bado ana sauti alimwambia Tima, "Anioshe mke wa Saidi. Yeye anaujua mwili wangu." Tulipofika kwenye mkono wa kulia, mwosha alijaribu kuunyoosha ulale sambamba na mbavu, ukakataa. Akajaribu tena kwa upole. "Umeshakauka?" akauliza. Nikamwambia haukukauka leo, haukuwahi kunyooka tangu zamani, auache hivyo hivyo. Tima alinitazama juu ya kichwa cha mamake. Katika chumba kile ni mwosha peke yake asiyejua mkono ule ulipindwa na nini. Tumeshamzika, hitima imesomwa, nimerudi kwangu Kilifi, na kila nikikaa peke yangu mawazo hunipeleka kwenye mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza katika nyumba yake ya Shela, Malindi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini nilipoingia nyumba ile, bibi harusi kutoka Ganze mwenye begi moja na hofu nyingi. Nilivyoposwa, na maneno yaliyosemwa kwetu na kwao kabla ya kukubaliana, nayaacha. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu mwembamba, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, na kando ya mlango huo bafu. Asubuhi ukumbi ulinukia udi wa jana na mahamri ya leo. Saidi, mume wangu, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Bofa, akilala huko huko kazini na kurudi Alhamisi jioni ili Ijumaa aswali kwao. Tima alikuwa ameolewa mtaa wa pili, akija alasiri na kuondoka kabla ya magharibi. Saa zilizobaki tulikuwa wawili, mimi na Bi Mwanasha, mavyaa yangu, mwanamke mrefu, mkimya, aliyezaliwa visiwani upande wa Lamu na kuletwa Malindi na ndoa kama nilivyoletwa mimi. Hakuwa mkali. Ukali ningeuelewa. Alikuwa na adabu ya mtu anayemkaribisha mgeni asiyejua ataondoka lini. Aliniandalia chai, akaniuliza kama nimelala vyema, kisha akarudi kwenye ukili wake wa kushona mikeka, na baina yetu pakawa na ukimya ambao sikujua pa kuushika.

Hata Kiswahili chake kilinipiga chenga. Siku za mwanzo aliniita kutoka uani, "Ndoo! Ndoo hapa!" Nikakimbia na ndoo mkononi. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Sikutaka ndoo, mwanangu. Kwetu ndoo ni njoo. Nimekwita." Tima, aliyekuwa amekaa jikoni, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mavyaa hakucheka, na kutocheka kwake kuliniuma kuliko kicheko cha Tima. Baadaye kisa hicho kilisimuliwa na kila mtoto wa ukoo, nami nikawa wa kwanza kucheka. Siku ile nilijifungia chumbani nikalia, nikafikiri hata neno la kuitwa sijui, nitaishije hapa?

Kitu kimoja tu katika nyumba ile kilinishangaza kwa furaha, nacho ni shawa ya umeme. Kwetu Ganze maji ni safari. Unaamka kuyafuata, unayabeba, unayapima kwa kopo, na ukishaoga unajua umeoga kazi ya mtu. Hapa nilionyeshwa swichi nje ya mlango wa bafu yenye kitaa chekundu, nikaambiwa niibonyeze, kisha nifungue bomba, na maji yakatoka ukutani yakiwa moto. Ilikuwa ni kitu cha plastiki kipana kama bakuli la uji, kilichowahi kuwa cheupe, kimeota ukoko wa chumvi kila tundu kwa sababu maji yetu yalikuwa ya kisima. Nyaya zake zilikuwa zimezungushwa utepe mweusi mara nyingi hata zikavimba kama kidole chenye jeraha. Ikiwashwa, taa za ukumbi zilififia na redio ikakoroma, na popote alipo mavyaa angeuliza, "Nani anaoga?" Aliifunga bavyaa, babake Saidi, ambaye sikumkuta hai. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli, na hoteli ilipokarabatiwa wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua vyombo vya zamani, wenzake wakachukua viti na mapazia, yeye akachukua shawa. Watu walimcheka. Joto lote hili la Malindi, maji moto ya nini? Lakini mkewe alikuwa na maradhi ya viungo tangu ujana, na miezi ya kusi, upepo unapokuja na mvua za alfajiri, alikuwa akiamka vidole havikunjiki. Basi mzee akaifunga mwenyewe, akaiunganisha na stima mwenyewe, asimwite fundi.

Na ilikuwa inapiga. Si kila siku, ila ukigusa bomba kwa mkono mtupu ulihisi kitu kikipita mpaka kwenye kiwiko. Kila mtu nyumbani alikuwa na mbinu yake. Saidi alifunga bomba kwa kitambaa kikavu. Tima, hata akija kutembea, aliingia na ndara za mpira. Mavyaa alikuwa na kijiti cha mwiko uliovunjika, akikitumia kusukuma bomba kama mtu anayemsogeza ng'ombe. "Haiumi," aliniambia siku ya kwanza. "Inatekenya tu." Nikaja kugundua kwamba hilo ndilo neno la nyumba nzima. Hakuna aliyesema inapiga. Inatekenya. Saidi peke yake ndiye aliyekataa kulitumia, na Alhamisi moja, tukiwa tumekaa mkekani tunakula wali wa nazi na mchuzi wa changu, alisema bila kuinua macho, "Mama, ile shawa itamuua mtu. Nitanunua nyingine."

"Ile kaifunga babako."

"Najua kaifunga baba."

"Basi ukijua, kula."

Saidi alikula. Lakini aliporudi juma lililofuata alikuja na shawa mpya ndani ya boksi lake, akaisukuma chini ya kitanda chetu, akaniambia, "Siku akikubali, ipo." Kisha akanipeleka nje ya bafu, akaniwekea kidole changu juu ya ile swichi. "Ukisikia lolote humu ndani, usiingie kwanza. Zima hapa. Ukishazima ndiyo uingie. Umenielewa?" Nikamwambia nimeelewa. Nilidhani anazidisha hofu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Nilikuwa uani chini ya kibanda, nimekalia mbuzi nakuna nazi, redio imewekwa dirishani. Taa za ukumbi zikafifia, nikajua mavyaa kaingia kuoga. Kisha nikasikia kishindo, na baada yake sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya mtu aliyekatwa pumzi: "Ndoo!" Nazi ilianguka. Nilikimbia, mkono wangu ukaenda kwenye swichi kabla ya akili yangu, nikazima, nikasukuma mlango. Alikuwa sakafuni ubavu ubavu, mkono wa kulia umelaliwa na mwili, maji baridi sasa yakimmiminikia usoni, macho wazi. Alikuwa hai. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika, nikafunga bomba, nikapiga magoti ndani ya maji.

"Usiniangalie," akasema.

"Siangalii, Mama."

"Kijiti kiliteleza."

"Usiseme kitu, Mama. Nishike."

Majirani walinisaidia kumtoa, tukampeleka hospitali, akafungwa plasta. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kiwiko, na ulipounga uliunga vibaya. Daktari alitaka kuuvunja upya aupange. Mavyaa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, akafunga buibui lake vizuri kwa mkono mmoja, akatoka, wala hakurudi. Tangu siku ile mkono wake wa kulia ulikaa umekunjika mbele ya kifua kama uliobeba mtoto, na kushona ukili kukaisha.

Saidi alikata nyaya za ile shawa jioni ile ile, akazifunika, isiweze kuwaka tena. Alitaka kuing'oa kabisa na kufunga mpya. Mamake, amelala, plasta juu ya mto, alisema hapana. Walibishana mlango umefungwa, nami niko ukumbini na sinia ya chai, sijui niingie au nirudi. "Imekutupa chini, Mama!" "Nimeanguka mwenyewe. Mtu haanguki?" "Baba hakuwa fundi! Kwa nini hukubali kwamba baba hakuwa fundi?" Kisha nikamsikia mavyaa, kwa sauti ndogo: "Kitu kimoja tu alichonifanyia kwa mikono yake ndicho unachotaka kukitupa." Saidi alitoka, akanipita bila kuniona. Shawa ikabaki ukutani, haifanyi kazi, na boksi likabaki chini ya kitanda.

Kwa hiyo nikaanza kumwogesha mimi. Tima alikuwa na watoto wadogo, hangeweza kuja kila alfajiri. Niliwasha jiko la makaa, nikachemsha sufuria kubwa, nikalibeba kwa vitambaa mpaka bafuni, nikachanganya na maji ya kisima, nikamwita. Siku za kwanza nilimwosha nikitazama ukuta. Yeye naye alikaa juu ya kibago, amenyooka, uso umegeuzwa pembeni, kama anayepigwa picha asiyotaka. Hatukusemezana. Mtu akiwa uchi mbele ya mtu asiyempenda wala asiyemchukia, hakuna neno linalofaa. Lakini mwili una njia yake ya kuzungumza. Nilijua mgongo wake unapouma kwa jinsi alivyovuta pumzi nikipagusa. Nilijua anapenda maji yamwagwe kwanza kwenye vidole. Siku moja, mvua inapiga bati, alisema ghafla, "Mkono wako mzito kidogo. Lakini ni wa haki." Nikasema ahsante. Siku nyingine aliniuliza Ganze watu huoga namna gani wakati wa kiangazi. Nikamweleza tunavyofuata maji, tunavyoanza kwa uso na kuishia kwa miguu na kopo moja, na maji hayo hayo yakamwagiwa mche wa mpapai. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi kwetu umekuja kuona israfu," akasema, na nikaona, kwa mara ya kwanza, ncha ya midomo yake ikitingishika. Leo hii, nikisikia watu wakieleza mapenzi ya mkwe na mavyaa kama kitu kinachokuja na harusi, huwa nanyamaza. Yetu yalikuja polepole, kwa kopo.

Nilikuwa tayari na mimba wakati ule na sikumwambia mtu isipokuwa Saidi. Kwetu mimba changa haitangazwi. Nilijifunga kanga juu zaidi, nikaendelea na kazi. Alfajiri moja nililiinua sufuria kama kawaida, na katikati ya ukumbi kizunguzungu kikanijia, sakafu ikainuka. Sikuanguka. Niliegemea ukuta, maji ya moto yakamwagika kwenye unyayo, nikauma meno. Nilipofungua macho mavyaa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake ananitazama. Hakutazama maji wala unyayo. Alitazama mkono wangu wa kushoto, uliokwenda wenyewe tumboni.

"Weka chini sufuria," akasema.

Nikaliweka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanguka, Mama."

"Na umekuwa ukinibebea maji siku zote hizi." Hakuwa ananiuliza. Akaja mpaka nilipo, akaniegemeza kwake kwa ule mkono mzima, tukasimama hivyo ukumbini, mvuke unapanda miguuni petu. Kisha akasema maneno ambayo Saidi hakuweza kuyapata kwake kwa miezi. "Alhamisi mwambie mumeo aje na fundi. Ile shawa itoke. Babake Saidi angekuwa hai angeing'oa mwenyewe."

Fundi alikuja Ijumaa baada ya swala. Mavyaa aliomba kiti, akakaa ukumbini mkabala na mlango wa bafu, amevaa kama anayekwenda msibani, akatazama kila kitu. Saidi alizima stima ya nyumba nzima. Fundi alipofungua kifuniko, maganda ya chumvi na kutu yakaanguka kama unga, na ndani ule waya wa kupashia maji ulikuwa umeliwa hata umebaki uzi. Akafuata nyaya kwa vidole, akasita. "Hii ilifungwa na nani? Haikutiwa waya wa kwenda ardhini. Miaka yote stima ikivuja inapita kwa mtu." Saidi akainamisha kichwa. Mavyaa ndiye aliyesema, kwa sauti kavu, "Alifunga mume wangu. Hakuna aliyekufa." Fundi akaomba radhi. Baada ya kitambo mavyaa akaongeza, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Lakini nusura."

Iliposhuka, ukutani palibaki mraba wa rangi ya kijani, rangi ya zamani ya bafu ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kuwapo, na tundu za misumari zilikuwa nyingi kuliko misumari. Mzee alitoboa pabaya, akatoboa tena, akapata mara ya tatu. Mavyaa aliinuka, akaja, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ule mraba. Mimi nilijiandaa kumwona akilia. Alicheka. Alicheka kwa pumzi, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka vilevile. "Siku nzima alikuwa humu ndani," akasema. "Akanifukuza nisione. Nikawa nasikia nyundo, na matusi." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, fundi. Ziba." Ile ya zamani fundi aliiweka kwenye mfuko wake wa takataka, na mavyaa hakuuliza inakopelekwa. Shawa iliyokuwa chini ya kitanda ikatolewa kwenye boksi, ikafungwa, waya mpya ukateremshwa mpaka nje, ukafungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, swichi nzito ikawekwa mahali pa ile ya kitaa chekundu. Stima iliporudi, Saidi alitaka kuingia kuijaribu. Mamake akamzuia kwa mkono wake mzima. "Kama inaua, ianze na mimi," akasema, akaingia, akafunga mlango. Sote tulisimama nje kama watu wanaosubiri habari za hospitali. Tulisikia maji. Kisha tukamsikia, taratibu, akimsifu Mungu.

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi yangu mizuri zaidi katika ujana wangu. Alinifundisha kukaanga mahamri yasinywe mafuta. Alinifundisha maneno yake ya visiwani, nikamfundisha machache ya Kigiriama, akawa anamsalimia kwa hayo Mama Kahindi, jirani yetu mwuza mbaazi, ambaye alishangaa mpaka akampunguzia bei. Alikuwa ameshaniwekea ahadi na mwanamke wa kunikanda nikijifungua, na usiku wa Alhamisi nilimsikia akimwagiza Saidi kanga mpya za doti nzima, si za vipande.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, na adhuhuri alikuwa hayupo. Moyo wake haukuumbika sawa. Hilo nililielezwa vizuri na kwa huruma, na sikuwa na wa kumlaumu. Nilimshika. Alikuwa na nywele nyingi na kidevu cha Saidi. Wanaume wakamchukua, wakamzika alasiri ile ile. Saidi alirudi kando ya kitanda changu na udongo kwenye kucha, akaniambia jina alilompa. Niliitikia kwa kichwa. Sikuweza kulitamka, wala yeye hakulitamka tena.

Niliporudi nyumbani chumba kilikuwa safi mno. Tima, kwa wema wake, alikuwa ameondoa kila kitu, nguo, beseni, hata kamba aliyokuwa ameifunga kwa ajili ya kuanikia nepi. Majirani walikuja wakakaa ukingoni mwa mkeka, wakasema Mungu atakupa mwingine, wakaondoka upesi, kama walioacha chungu jikoni. Mkandaji hakuja, alidhani hatakiwi tena. Siku ya pili maziwa yalianza kutoka. Nilikuwa peke yangu. Niliikunja kanga nikaibana kifuani, nikageukia ukuta, na ndipo nikawasikia ukumbini, Tima na mamake, wakidhani nimelala.

"Mama, utamkanda vipi na mtoto hayupo?"

"Kwani nilitaka kumkanda mtoto? Aliyezaa ni nani?"

"Watu watasema."

"Wacha waseme."

"Na mkono wako? Masufuria utayabeba na nini?"

"Mkono hauwezi sufuria," mavyaa akasema. "Unaweza swichi."

Akaja akanichukua. Asubuhi na jioni, siku zote arubaini, hakukosa. Alinikalisha juu ya kile kibago nilichokuwa nikimkalisha yeye, akawasha, akapima joto kwa mgongo wa mkono wake mzima, kisha akayaachia maji yanianguke kiunoni, tumboni, kwenye matiti yaliyokuwa magumu kama mawe, akikanda kwa kitambaa kwa ule mkono mmoja, polepole, akihema. Aliniosha akinitazama. Hakugeuka pembeni. Akimaliza alinifunga mkaja tumboni, akikaza ncha moja kwa meno, akaninywesha uji wa pilipili manga. Mara ya kwanza nilipolia kwa sauti, nikalia kwelikweli, hakuniambia ninyamaze. Alifungua maji zaidi. "Lia," akasema. "Maji yanapiga kelele, hakuna atakayesikia." Nilimuuliza, siku moja, kwa nini anajitesa hivi. "Nami niliwahi kutoka hospitali mikono mitupu," akasema. "Wakaniambia inuka, kazi zinangoja."

Siku ya arubaini mzazi hutolewa nje. Huogeshwa, hupakwa hina, hufukizwa udi, wanawake wakaja kula na kumwona mtoto. Nilidhani siku yangu itapita kimya. Lakini alfajiri nilinusa vitunguu vinakaangwa, nikamkuta mavyaa uani na Tima, wanapika biriani kwenye sufuria la harusi. Alikuwa amepeleka mwaliko nyumba kwa nyumba. Tima alikuwa amefura. "Arubaini bila mtoto, Mama? Haijawahi kuonekana."

"Basi leo itaonekana. Koroga, usiunguze."

Walikuja. Walikuja kwa kusitasita, wakaketi ukumbini wamebana magoti, wakitazama mikono yao. Bi Rukia alikuwapo, naye Mama Kahindi, na wengine wa mtaa, wakubwa kwa wadogo. Mavyaa alinitoa chumbani nimevaa zile kanga za doti nzima, nimefukizwa, hina viganjani, akanikalisha katikati yao. Masinia yakaletwa, hakuna aliyetia mkono. Nilisikia nzi. Nilisikia mtu akimeza mate. Nikataka kuinuka nikimbie mpaka Ganze kwa miguu.

Ndipo Bi Rukia, aliyekuwa na wajukuu wakati ule, akasema huku akitazama sakafu, "Wangu aliitwa Athumani."

Hakuna aliyemuuliza wake yupi. Kisha mwanamke wa pembeni, ambaye nilimjua kwa salamu tu, akasema, "Wangu hawakumpa jina. Nilimpa mwenyewe, moyoni. Nilimwita Mwanaidi." Mama Kahindi akafunika uso kwa leso. "Kadzo," akasema ndani ya leso. Na mwengine akasema lake, na mwengine. Wanawake niliowaona kila siku dukani na kisimani, wakicheka, wakigombana juu ya zamu ya maji, kila mmoja alikuwa ametembea na jina lake mdomoni miaka yote hiyo na hapakuwa na pa kuliweka.

Mavyaa alisubiri wamalize. "Omari," akasema. "Aisha. Na Omari wa pili."

Tima aliweka chini jagi la maji. "Mama. Hukuniambia hata siku moja."

"Sikuulizwa, mwanangu."

Tima akaenda akakaa chini, karibu na magoti ya mamake, akaweka kichwa pale kama mtoto. Kisha nikaona wote wananitazama mimi, si kwa huruma ya wale walioacha chungu jikoni, ila kwa subira, kama watu wanaomsogelea mwenzao kwenye mkeka apate nafasi ya kukaa.

"Wangu aliitwa Zena," nikasema.

"Zena," Bi Rukia akalirudia, na aliyekuwa kando yake akalirudia, likazunguka ukumbi mzima mpaka likanirudia. Hakuna aliyesema nitapewa mwingine. Mavyaa akavuta sinia likaja mbele yangu. Nikanawa, nikatia mkono, nikala.